Bei ya Mkono wa Mfanyakazi
Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mkono ulionaswa na korona ulikuwa na bei. Sheria ya fidia ya mkoloni, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipima kiungo kwa asilimia. Bepari akalipa mara moja, majeruhi akarudi kijijini na kilema chake. Tena mdaiwa huyohuyo ndiye aliyetakiwa kuiarifu serikali! Nasi tulipojitawala tuliiacha sheria hiyo, na tulikiri bila kificho, hadi ilipotungwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008. Mfuko wa Fidia ulianza 2015: waajiri wa Bara huchangia, na aliyepoteza zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake hulipwa pensheni kila mwezi. Lakini ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 hupoteza fidia. Vibarua wangapi wameambiwa hivyo?