Chetezo cha Riyam: sanamu iliyo jirani na jengo

Anayetoka soko la Matrah kuelekea mji mkongwe wa Maskati kwa barabara ya pwani hukiona kwa mbali chetezo kikubwa cheupe, kimesimama juu ya jabali penye bustani ya Riyam.

Mswahili hahitaji kuelezwa kazi ya chombo hicho, ambacho Waomani hukiita mabkhara. Hutiwa makaa na ubani au udi, kikapitishwa vyumbani na kufukizia nguo. Cha Riyam, hata hivyo, ukubwa wake umekitoa katika hali ya chombo. Hakuna sura ya mtawala wala farasi wa vita. Kilichobaki ni umbo tupu, linalotambulika kwa mstari wake mbele ya milima ya rangi ya udongo.

Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa mzaha. Oman ina desturi ya kupamba mizunguko ya barabara kwa mabirika ya kahawa na mitungi mikubwa, na lawama kwamba huko ni kukuza tu vitu vya nyumbani ina uzito wake. Chetezo lakini kina nasaba tofauti.

Karne kadhaa kabla ya Uislamu, mafundi wa kusini mwa Arabuni walichonga vyetezo vya mawe vyenye umbo la mchemraba, baadhi vikiandikwa majina ya manukato katika pande zake nne. Vingine vilipambwa kwa mistari na vishimo vilivyoiga madirisha na kingo za majengo ya wakati huo. Na hadi leo wafinyanzi wa Dhofar, jimbo litokako ubani, hufinyanga vyetezo vya pande nne ambavyo pembe zake huinuka mithili ya ngome.

Kwa maneno mengine, jengo lilipunguzwa likawa chombo cha mkononi. Huko Riyam chombo kimerudishwa kwenye kimo cha jengo.

Mahali pake panasaidia. Vilima vya Matrah na Maskati vina minara ya ulinzi, na bandari ya zamani ingali na ngome za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580, muda mfupi kabla ya Ngome ya Yesu ya Mombasa. Nayo kanuni za ujenzi za jiji zimehimiza kuta nyeupe au za rangi hafifu, hivyo weupe wa chetezo ni ule ule wa nyumba zilizo chini yake.