Tando Nyembamba na Joto la Mbangala: Hoja ya Kuwa na Mtafiti Wetu

Kila nafasi ya utafiti wa vifaa vya optoelektroniki vya tando nyembamba (vinavyotumia utando mwembamba sana kugeuza au kudhibiti mwanga) inapoombewa fedha, jibu huwa lile lile: paneli za sola zimeshuka bei, China inazitengeneza kwa wingi, basi Tanzania inunue na kufunga, utafiti tuwaachie wenye mashine. Makala haya yanaipinga hoja hiyo, kwa sababu inadhani kifaa kilichopimwa ugenini kitafanya kazi vile vile kwetu.

Nguvu inayoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, seli ikiwa na nyuzi joto 25. Kata ya Mbangala, wilayani Songwe, imo upande wa bonde la Ziwa Rukwa. Juu ya bati la huko, seli kufika nyuzi 60 adhuhuri si ajabu. Paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, yaani asilimia 14 mchana huo. Paneli ya utando wa kadimi teluridi hupoteza kama asilimia 0.3 kwa nyuzi. Ni kweli silikoni mpya zimepunguza pengo hilo. Hata hivyo Tunduma, katika mkoa huo huo wa Songwe, iko mwinukoni na ina ubaridi. Mnunuzi wa Tunduma na wa Mbangala wanauziwa paneli zenye namba ile ile ya nguvu.

Ushahidi ninaouthamini zaidi kwamba mtafiti wetu anaweza kuufanya utando ufae joto letu ni wa mwaka 2009. Nuru Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha utafiti kuhusu utando wa dioksidi ya vanadi. Utando huu ukipakwa kwenye kioo hupitisha mionzi ya joto wakati wa baridi, na ukipata joto la kutosha huizuia huku mwanga ukiendelea kuingia. Kikwazo ni kwamba hugeuka kwenye nyuzi 68, joto ambalo dirisha la nyumba halifikii, na tena huufifisha mwanga. Walipochanganya magnesiamu, kiwango cha kugeuka kilishuka kwa takriban nyuzi 3 kwa kila asilimia moja ya atomi zilizoongezwa, na mwanga ukapita vizuri zaidi. Kwa anayeishi chini ya bati, dirisha linalozuia joto ni suala la usingizi wa mtoto.

Nitaambiwa kwamba kazi hiyo ilitegemea ushirikiano na Sweden. Sawa, na ushirikiano uendelee. Lakini si kila utando unadai mashine za wenzetu, kama mtambo wa ombwe unaotengeneza utando pasipo hewa. Seli za perovskaiti, ambazo mwaka huo huo wa 2009 watafiti wa Japani waliziripoti zikiwa na ufanisi wa asilimia 3.8 na leo zinapita 25 maabara, huweza kutengenezwa kwa kumimina kimiminika na kukikausha. Udhaifu wake mkubwa ni unyevu na joto, navyo hapa tunavyo vya kutosha kuzijaribu.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni jirani wa Songwe. Nafasi ya mtafiti wa tando ianzishwe huko, iwe ya kudumu, na katika majukumu yake iandikwe wazi: kupima tando juu ya mapaa ya Mbangala na Tunduma, masika na kiangazi, kwa miaka isiyopungua miwili.