Nitumie Picha ya Nyumbani

Aliyeondoka Dar es Salaam mwaka 1971 aliondoka na mji wa mwaka huo. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na mengi kati yake yalikuwa ya familia za Kihindi za Kariakoo, Kisutu na Upanga. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Baadhi ya familia hizo zilihamia Uingereza na Kanada. Nyumba chache zilizosalia bado zina jina la ukoo na mwaka wa ujenzi juu ya mlango. Mjukuu aliyezaliwa Toronto akiiomba picha ya mlango huo, anaomba uthibitisho kwamba babu hakutunga.

Ng'ambo ya maji, Unguja, uthibitisho wa namna hiyo ulihifadhiwa dukani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wazanzibari wengi walitawanyika hadi Omani na Uingereza. Picha ambazo wateja walilipia kwa ajili ya harusi au Idi zikawa mahali pa kumtafutia mtu aliyepotea.

Lakini Oza hakupiga picha zile kwa ajili ya walioondoka. Sisi tunapiga kwa ajili yao, na hapo ndipo kazi inapokuwa nzito. Ukimjua atakayeitazama picha, unajua pia asichotaka kukiona.

Chukua Magomeni. Walio nje huniomba picha za aina mbili. Wazee wanataka Kota. Kota zilibomolewa, wakazi wake, kaya 644, wakasubiri kwa miaka, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa palepale. Vijana wao wanataka maendeleo: maghorofa hayo, na mwendokasi unaopita Barabara ya Morogoro tangu 2016. Mmoja anataka jana, mwingine anataka kesho. Ile miaka ya kusubiri, watu wakihangaika na kodi mitaa mingine, hakuna aliyeniomba.

Nyumbani kwetu jambo hili limekuwa la mirathi. Babu aliacha nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani mwarobaini. Mnunuzi amejitokeza. Warithi ni watano, na watatu kati yao hawajakanyaga Magomeni kwa zaidi ya miaka kumi. Wanaamua kwa kutazama WhatsApp. Nilipotuma picha ya ufa ukutani, baba mdogo akaandika, "Tuuze kabla haijaanguka." Nilipotuma ya mwarobaini, shangazi akajibu, "Sithubutu." Nyumba ni ileile, na picha zote mbili nilizipiga asubuhi moja.

Kwa hiyo picha ya nyumbani ni zaidi ya kumbukumbu. Ina kura ndani yake. Serikali ya 1971 iliamua kuhusu majumba kwa sheria. Sisi tunaamua kwa simu. Katika maamuzi yote mawili, mpangaji haulizwi. Chumba cha nne anaishi mama anayeuza maandazi, miaka tisa sasa. Nyumba ikiuzwa, yeye ndiye atakayehama kwanza, wala hamo katika picha yoyote iliyojadiliwa.

Nilimwomba ruhusa, akakubali, akajifunga kanga vizuri na kusimama mlangoni. Nikaituma picha hiyo kwa warithi pamoja na ile ya ufa na ile ya mwarobaini, kila moja na tarehe na mtaa wake. Shangazi alipiga simu. Hakuuliza habari za mti. Aliuliza, "Huyu mama, akitoka hapo, ataenda wapi?"

Kikao cha ukoo ni mwezi ujao. Swali hilo limeingizwa kwenye ajenda.