Historia ya Pesa Nyumbani, Sehemu ya 4: Kodi ya Kiwango Kimoja

Leo twende Marekani kidogo. Kule kila kampeni ya urais ikifika, mara nyingi anatokea mgombea na ahadi hii: "Wote tulipe asilimia moja, basi!"

Kwa nini inavutia? Kule mtu hujaza mwenyewe fomu ya kodi ya mapato kila mwaka, kawaida mwisho Aprili 15. Fomu ni nyingi, misamaha ni mingi, na wenye pesa huajiri wataalamu wa kuitafuta. Mwaka 1981 wasomi wawili wa Stanford, Robert Hall na Alvin Rabushka, wakaja na wazo: kiwango kimoja cha 19%, fomu inayoenea kwenye kadi ya posta. Hebu fikiria mama mwenye mtoto mgongoni anamaliza kodi yake kwa kadi moja! Nani angekataa?

Mwaka 1992 Jerry Brown wa Democrat aliahidi 13% kwenye mapato, na 13% nyingine kwenye bidhaa na huduma. Mwaka 1996 Steve Forbes wa Republican, tajiri mwenye jarida, akaja na 17%. Alimwaga mamilioni yake mwenyewe kwenye matangazo ya TV, akashinda kura za mchujo Arizona na Delaware, kisha Machi akajitoa. Mwaka 2011 Herman Cain akaja na 9-9-9: 9% kwa kampuni, 9% kwa mapato, 9% kwa manunuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyefika Ikulu ya kule.

Sasa tuwe wa haki. Wodini dawa ya mtoto tunapima kwa kilo: mzito anapata nyingi, mwepesi kidogo. Asilimia moja ni hivyo hivyo, mwenye nyingi anatoa nyingi. Si kama kodi ya kichwa ya enzi za babu zetu, kila mtu kiasi kile kile. Hoja yao ina mantiki.

Lakini asilimia ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nini kinakatwa na nini kinaachwa. Kwa Forbes, familia ya watu wanne isingelipa kwenye dola 36,000 za mwanzo. Hapo mama anapumua. Ila gawio la hisa na riba pia visingekatwa kwa mtu binafsi, kwa maelezo kwamba kampuni imeshalipa. Maana yake nesi anakatwa kwenye mshahara wake wa zamu za usiku, anayeishi kwa gawio hakatwi kitu mkononi. Na nafuu ya kodi kwa wenye mikopo ya nyumba ingefutwa. Familia changa nyingi zilikuwa zinaitegemea hiyo.

Kwa Brown na Cain, tatizo lilikuwa dukani. Familia ya kipato kidogo hutumia karibu chote kwa chakula, nepi na sabuni, kwa hiyo kodi ya manunuzi inagusa karibu kila senti yake. Tajiri anaweka akiba, haiguswi.

Kwa hiyo ukisikia mgombea yeyote, popote, anataja namba nzuri fupi, muulize matatu: Kiasi gani cha mwanzo hakikatwi? Kipato cha nani kimeachwa nje? Pengo la serikali litazibwa na nini, chanjo na shule zisiyumbe?

Nikitoka zamu nitasoma maoni yenu. Usiku mwema, na watoto walale salama.