Mafuta ya karafuu: matumizi, faida na hatari zake

Jino likianza kuuma usiku, na kituo cha afya kimefungwa hadi asubuhi, wengi hutafuta mafuta ya karafuu. Yanaweza kupunguza maumivu. Lakini chupa hiyo hiyo, mtoto akiinywa, inaweza kumuua. Makala haya ni kwa familia zinazoishi kambini Gasorwe, mjini Muyinga, Gitega na kwingineko nchini Burundi.

Mafuta haya ni nini?

Karafuu ni tumba la ua ambalo huchumwa kabla halijachanua, kisha hukaushwa juani. Katika ukanda wetu zinajulikana zaidi zile za Unguja na Pemba. Huko Pemba, kiwanda cha Wawi hutengeneza mafuta kutokana na makonyo, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mvuke wa maji moto hupitishwa ndani yake, ukabeba mafuta, kisha ukapozwa.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo eujenoli. Ndiyo inayoleta harufu kali, inayotia ganzi na kuua baadhi ya vijidudu. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda.

Usichanganye mafuta haya na karafuu za kupikia. Karafuu mbili tatu kwenye chai au pilau hazina shida kwa watu wengi. Chupa ndogo ya mafuta ina nguvu ya karafuu nyingi sana.

Jinsi ya kuyatumia kwa maumivu ya jino (watu wazima)

1. Tia tone moja la mafuta ya karafuu katika nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Changanya vizuri.
2. Chovya kipande kidogo cha pamba safi, kisha ukikamue.
3. Gusisha pamba kwenye jino linalouma kwa dakika chache, bila kuigusisha sana kwenye ufizi au ulimi.
4. Tema mate na usukutue kwa maji safi. Usimeze.

Yakitumiwa bila kuchanganywa, huunguza ufizi na ngozi. Ukiona vidonda, wekundu au uvimbe, acha mara moja.

Kumbuka: ganzi si tiba. Tundu la jino na usaha hubaki palepale. Nenda kituo cha afya hata kama maumivu yametulia. Usisubiri ikiwa uso umevimba, una homa, au unashindwa kumeza au kufungua kinywa.

Nani asiyatumie?

• Watoto. Usimpake mtoto mchanga kwenye ufizi anapoota meno. Mpe kitambaa safi chenye maji baridi atafune.
• Wajawazito na wanaonyonyesha, mpaka waulize muuguzi au mkunga.
• Wenye ugonjwa wa ini.
• Wenye tatizo la damu kutoganda, au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini.

Mafuta haya hayatibu malaria. Harufu yake hufukuza mbu kwa muda, lakini kujipaka mengi huunguza ngozi. Endelea kulala ndani ya chandarua.

Mtoto akiyanywa

Madaktari wameandika kuhusu watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Kwa hiyo:

• Mpeleke mtoto hospitalini au kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Madhara ya ini yanaweza kuonekana baadaye.
• Usimtapishe. Mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu.
• Mfute kinywa kwa kitambaa chenye maji.
• Usimpe parasetamoli wala dawa ya kienyeji. Ini lake tayari lina mzigo.
• Beba chupa, umwonyeshe muuguzi. Mweleze ni kiasi gani kimepungua na ni saa ngapi alikunywa.

Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa angalau dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Kununua na kuhifadhi

Ukinunua sokoni, chagua chupa ya kioo cheusi yenye lebo na kifuniko kinachobana. Usiyahamishie kwenye chupa ya maji, ya soda au ya dawa ya mtoto: ndivyo watu hukosea gizani.

Katika nyumba ya chumba kimoja, kabati la kufunga huwa halipo. Ifunge chupa ndani ya mfuko na uitundike juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti au jerikani. Ukimaliza kuitumia usiku, irudishe hapo kabla hujalala.