UZI: Reli, faiba, na ahadi ya "vijana wa mashinani wajiajiri kwa teknolojia"

1/ Kila msimu wa kampeni huu mjadala hurudi. Mmoja anasema pelekeni intaneti vijijini, vijana watajiajiri. Mwingine anajibu pesa ziende mahali zitazaa. Kabla hujachagua upande, pitia hii historia.

2/ 1896 hadi 1901: reli inajengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu. Matawi yaliyofuata yalihudumia sana mashamba ya walowezi. Kaskazini nako, sheria ya 1902 ilifungua njia ya kufunga maeneo ya pembezoni. Bila kibali huingii.

3/ 1965, tuko huru. Waraka wa Serikali Namba 10 unasema pesa ya maendeleo iwekwe penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, halafu faida isambae kwingine. Sasa fikiria: usafiri na umeme vilikuwa wapi? Kule mkoloni alikuwa ameshawekeza. Mwenye nacho akaongezewa.

4/ 2009: nyaya za faiba za chini ya bahari zinafika Mombasa, zinapanda bara kuelekea Nairobi. Konza, jiji la teknolojia ambalo ujenzi wake ulizinduliwa 2013, liko kando ya reli ile ile. Si lazima iwe njama. Mwekezaji hufuata umeme na wateja, na hao walishapangwa na historia.

5/ Mfano unaouma ni Marsabit. 2018 umeme wa upepo, megawati 310, ulianza kusafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka kaunti hiyo hadi Suswa. Wakati huo mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa bado kwa jenereta za dizeli. Kijana wa hapo afungue biashara ya kompyuta na stima gani?

6/ "Lakini M-Pesa ilifika kijijini bila siasa!" Ilifika, tangu 2007, kwa sababu simu ya kawaida ilitosha na wakala alikuwa mwenye duka ambaye tayari watu wanamjua. Ila pasipo na mnara wa simu haikufika. Ubunifu hupanda juu ya kitu kilichokuwepo.

7/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 204, iliona hili. Iliunda Hazina ya Usawazishaji: asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Pesa zimechelewa sana kufika mashinani, na muda wake ni miaka 20, yaani hadi 2030, isipokuwa Bunge liongeze. Hiyo saa inakimbia na ni wachache wanaiongelea.

8/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi kituo cha kidijitali, muulize mambo matatu. Stima itatoka wapi? Nani atalipa intaneti mwaka wa pili? Mteja wa huyu kijana ni nani? Akikosa jibu, hizo kompyuta zitaishia kufunikwa vitambaa.

Mwisho wa uzi. Kaunti yako iko vipi? Andika hapo chini.