Mbano wa Njia ya Hewa: Istilahi kwa Injini Yenye Tabo

Mwaka 1995 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliifungia timu ya Toyota mashindano ya dunia ya rali kwa miezi 12 na kuifutia pointi zake za msimu. Kosa lilikuwa kwenye kipande kidogo cha chuma. Kanuni zilitaka hewa yote inayokwenda kwenye tabo (turbo) ipite katika pete yenye tundu la milimita 34, ili nguvu za magari zisipite kiasi. Kwenye Celica zilizoshindana Catalunya, Hispania, pete hiyo ilitengenezwa iweze kusogea: mpira wa hewa ukikazwa kwa klipu zake, pete inaachia upenyo pembeni na hewa nyingine inapita bila kupitia tundu, mkaguzi akiufungua mpira, pete inarudi mahali pake kana kwamba haikuguswa. Celica za matoleo ya awali ndizo wapenzi wa Safari Rally walizizoea zikishinda Kenya mwaka 1990, 1992, 1993 na 1994. Timu ya kiwango hicho ilihatarisha jina lake kwa ajili ya upenyo wa milimita chache tu mbele ya kompresa, yaani upande wa tabo unaovuta na kukandamiza hewa.

Kinachofanywa na pete ile, filta chafu na mpira uliokunjika hukifanya vilevile kwenye gari la mtu wa kawaida, ila kwa kiasi kidogo. Katika Kiswahili tumezoea kukiita “kizuizi cha hewa”. Mimi napendekeza “mbano wa njia ya hewa”, au “mbano” peke yake pale ambapo muktadha umeshaeleweka, na nina sababu ya kiufundi.

Kizuizi ni kitu: kipo au hakipo, ukikiondoa kimekwisha. Fundi anayefikiri kwa neno hilo atafungua boksi la filta, atatazama kama kuna tambara au jani, asipoliona atafunga boneti na kusema njia ni safi. Tunachokizungumzia hapa ni kiasi. Hakuna njia ya hewa isiyobana kabisa, hata ya gari jipya. Kila kona, kila mkunjo na kila karatasi ya filta hupunguza kidogo mgandamizo wa hewa inayopita. Wengine wamependekeza “ukinzani”, neno zuri ambalo wanafunzi wa fizikia wanalijua kutoka kwenye umeme. Lakini ukinzani wa waya hubaki uleule mkondo ukiongezeka, wakati kwenye mabomba ya hewa upotevu hupanda karibu na mraba wa mtiririko: hewa ikiongezeka mara mbili, upotevu unakaribia mara nne. Ndiyo maana gari linaweza kuunguruma vizuri likiwa limesimama, likaishiwa nguvu mlimani. Lugha yetu inalijua jambo hili kwenye mwili: mwenye pumu hubanwa na kifua, na hubanwa zaidi anapokimbia.

Kwa hiyo fasili yangu ni hii. Mbano wa njia ya hewa ni tofauti ya mgandamizo kati ya hewa ya nje na hewa iliyo mlangoni mwa kompresa, injini ikivuta kwa nguvu zake zote, nayo hupimwa kwa kilopaskali. Neno “mgandamizo” nimelichukua kwa watabiri wa hali ya hewa, ambao wamelitumia redioni kwa miaka mingi, na wasikilizaji wanalielewa.

Sasa tabo. Kwenye injini isiyo nayo, mbano ni upungufu wa wazi: hewa imepungua, nguvu zimepungua, dereva anahisi. Injini ya kisasa yenye tabo huuficha. Tuchukue injini ambayo kompyuta yake imepangiwa kilopaskali 200 kwenye manifodi. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje ina kilopaskali 101 hivi. Njia isingebana hata kidogo, kompresa ingetakiwa kuukuza mgandamizo huo mara 1.98. Njia ikibana kilopaskali 5, hewa inafika mlangoni ikiwa na 96, na kompresa inatakiwa kuukuza mara 2.08. Kompyuta inalitimiza hilo bila kumwambia mtu: inafunga mlango wa pembeni wa ekzosi, moshi mwingi zaidi unapita kwenye tabo, na tabo inazidisha mzunguko. Dereva anapata nguvu zilezile, au karibu yake, na hajui kwamba kuna gharama.

Gharama ya kwanza ni joto. Kwa hewa ya nyuzi 27 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, tofauti ile ndogo huiongezea hewa karibu nyuzi 8 kabla haijafika kwenye intakula, yaani kipoza hewa. Ya pili ni moshi uliosongwa upande wa ekzosi, ambao pistoni hulazimika kutumia nguvu kuusukuma. Ya tatu huonekana kwa macho: mlango wa kompresa unapofyonza kwa nguvu, mafuta huvutwa kupitia sili ya shafti, nawe ukivua mpira unakuta ndani kumelowa. Wengi hubadilisha tabo nzima kwa dalili hiyo, wakati filta ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Ukipandisha gari hilohilo hadi Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ya nje ina kilopaskali 83 tu. Bila mbano, kompresa ingehitaji kukuza mara 2.41. Na kwa kuwa hewa nyepesi lazima ikimbie zaidi ili ifikishe uzito uleule, mbano wa 5 unakuwa kama 6, na kompresa inatakiwa kukuza mara 2.6. Gari ambalo halikulalamika Dar es Salaam linaweza kufika hapo mwisho wa uwezo wa tabo yake.

Kupima si kazi ngumu. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upinde uwe na umbo la herufi U kwenye ubao wenye urefu wa mita moja, utie maji ya rangi hadi nusu. Ncha moja iunganishe kwenye tundu dogo ulilotoboa kati ya filta na tabo, karibu na tabo, nyingine iache wazi. Ubao uwe wima ndani ya gari, na mikono ya mpira iwe mirefu ili maji yasivutwe kuingia kwenye injini. Panda mlima mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, mwenzako asome tofauti ya vimo viwili: kila milimita 100 za maji ni karibu kilopaskali 1. Injini nyingi kubwa za dizeli za malori huwekewa kikomo cha inchi 25 za maji, yaani milimita 635, ndipo filta ibadilishwe.

Upunguzaji wenyewe ufuate vipimo. Watu wengi hukimbilia filta ya wazi ya umbo la pia, wanaliondoa boksi lote la plastiki na kufurahia mlio. Napinga kabisa jambo hilo kwenye nchi zetu za joto. Filta hiyo inaweza kukurudishia asilimia mbili tatu za mgandamizo, lakini ikivuta hewa ya chini ya boneti yenye nyuzi 60 badala ya ya nje yenye 30, uzito wa hewa unapungua kwa asilimia 9. Na vumbi likipita, visu vya kompresa vinavyozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huliwa kingo zake.

Boksi libaki. Toboa tundu la pili kabla ya filta na la tatu mara tu baada ya filta, upime tena. Kama sehemu kubwa ya mbano iko kabla ya filta, panua mdomo wa boksi na uuelekeze kwenye upepo wa mbele. Ikiwa iko kwenye filta, tafuta yenye karatasi pana zaidi inayoenea boksi lilelile. Ikiwa tundu la mara tu baada ya filta linasoma kidogo na la karibu na tabo linasoma sana, kagua mpira ulio kati yake: mpira uliochoka hulainika ukipata moto, ukanywea injini inapovuta sana, kisha ukarudi umbo lake mara tu unapoachia mafuta. Huwezi kuliona hilo gari likiwa limesimama gereji.